Sukari iliyokuwa kwenye kidole: uchambuzi wa kisa cha mtoto wa miaka minne, Bukavu

Mtoto ninayemzungumzia hapa ni msichana wa miaka minne, mwenye uzito wa kilo 14, anayeishi na mama yake, bibi yake na kaka zake wawili kwenye mteremko mmoja wa Kadutu, eneo la mji wa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Ana kisukari cha aina ya kwanza, na wakati wa kisa hiki ilikuwa imepita miezi saba tangu ugonjwa ugunduliwe. Usiku mmoja aliletwa hospitalini kwetu akiwa na degedege, sukari ya damu ikiwa imeshuka hadi miligramu 31 kwa desilita, saa tatu na nusu baada ya mama yake kumchoma sindano ya insulini ya jioni kwa kufuata, neno kwa neno, karatasi tuliyompa sisi wenyewe. Ninaandika kwa idhini ya mama huyo, ambaye ameomba jina lake na la mwanawe yasitajwe, na ninaandika kwa urefu kwa sababu chanzo cha yote hayakuwa mambo tuliyoyashuku kwanza.

Mtoto huyu alikuwa ameshaacha kukojoa kitandani alipoanza tena, akawa anaamka usiku kuomba maji, na bibi yake akaona sisimizi wakijikusanya uani pale alipokojoa. Katika wiki tatu nguo zikaanza kumpwaya. Alipelekwa kwenye kituo kimoja cha afya, kipimo cha malaria kikawa chanya, akapewa dawa ya malaria. Siku mbili baadaye akaanza kuvuta pumzi ndefu na za haraka, na hilo likachukuliwa kuwa nimonia. Alipotufikia alikuwa amesinzia, macho yameingia ndani, pumzi ikinuka kama tunda lililoiva kupita kiasi. Sukari ilikuwa 486, na ketoni katika mkojo zilikuwa alama tatu. Kwa lugha ya kitabibu hiyo ni ketoasidosisi: mwili usio na insulini hauwezi kuitumia sukari iliyomo katika damu, huanza kuyeyusha mafuta, na asidi itokanayo na mafuta hayo, yaani ketoni, huijaza damu. Tulianza na maji ya mshipa, insulini ikafuata baada ya saa moja, potasiamu alipoanza kukojoa, na tuliishusha sukari polepole tukimchunguza fahamu kila saa, kwa maana ubongo wa mtoto mdogo unaweza kuvimba wakati wa matibabu hayo. Kipimo cha malaria huenda hakikudanganya hata kidogo. Mtoto anaweza kuwa na vimelea na kisukari kwa wakati mmoja. Kilichokosekana pale mwanzoni ni tone moja zaidi la damu, la kupima sukari.

Aliondoka hospitalini baada ya siku kumi na mbili akiwa na insulini za aina mbili. Ya kwanza ni ile ya maji, inayoonekana safi ndani ya chupa, ambayo huanza kazi baada ya nusu saa, hufikia kilele kati ya saa mbili na nne, na huisha katika saa tano hadi nane. Ya pili ni ile nyeupe kama maziwa, ambayo kilele chake huja taratibu, kwa kawaida kati ya saa nne na nane baada ya sindano, na ambayo ni lazima chupa yake ibiringishwe viganjani mpaka unga uliotuama uchanganyike. Asubuhi alichomwa yuniti 2 za maji na 5 nyeupe. Jioni, yuniti 1 ya maji na 2 nyeupe. Jumla ni yuniti 10 kwa siku, yaani takribani 0.7 kwa kila kilo ya uzito, kiwango cha kawaida kwa umri wake.

Msomaji asiyehudumia watoto na ayatazame vizuri mafungu haya. Chupa ina yuniti 100 katika kila mililita, kwa hiyo yuniti moja ni sehemu ya mia ya mililita, tone ambalo halitoshi kulowanisha ukucha. Kwa mtu mzima anayetumia yuniti 50 kwa siku, kukosea yuniti mbili ni jambo dogo. Kwa mtoto huyu, yuniti mbili ni moja ya tano ya insulini ya siku nzima. Tena mtoto wa miaka minne ana akiba ndogo ya sukari katika ini, ubongo wake hula sukari nyingi kuliko wetu ukiulinganisha na mwili wake, na sukari inaposhuka hawezi kusema "natetemeka" au "naona kizunguzungu". Atanuna, atalia bila sababu, ataweka kichwa mezani na kulala. Watu wazima walio karibu naye wataona mtoto msumbufu au mtoto aliyechoka.

Kilichotangulia usiku ule

Mama huyu anauza matunda. Mananasi ya kisiwa cha Idjwi hushushwa kutoka kwenye boti, yeye huyanunua kwa jumla, huyamenya, huyakata vipande na kuviuza kwa sahani kando ya barabara kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi. Mtoto hutoka shule ya chekechea mchana na kukaa naye hapo hadi jioni. Nilikuwa nalijua hilo tangu siku ya kwanza. Limeandikwa kwenye faili, kwenye mstari wa kazi ya mzazi, kwa mwandiko wangu.

Vijiti vya kupimia sukari, ambavyo wengi hapa huviita bandeleti, vilikuwa vinamtosha kupima mara mbili tu kwa siku: asubuhi kabla ya uji na jioni kabla ya chakula. Alikuwa na daftari la shule la mistari, kila siku mstari wake, asubuhi kwa kalamu ya buluu na jioni kwa nyekundu. Ni mmoja wa wazazi makini kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi. Kuanzia mwezi wa tano, namba nyekundu zilianza kupanda: 268, 301, 287, 322. Zile za buluu zilibaki mahali pake, kati ya 90 na 150.

Sukari ya kabla ya chakula cha jioni inategemea zaidi ile insulini nyeupe ya asubuhi, kwa hiyo niliipandisha kutoka yuniti 5 hadi 6. Wiki tatu baadaye namba nyekundu hazikushuka, nikaipandisha hadi 7. Na kwa kuwa nilihofia ketoni zisirudi, nilimpa mama ile karatasi tuliyokuwa tukiwapa wazazi wote, yenye mstari huu: sukari ya jioni ikizidi 300, ongeza yuniti 2 za insulini ya maji. Karatasi hiyo ilikuwa imetungwa kwa ajili ya watoto wa miaka kumi na kuendelea. Ilisambaa kwa sababu ilikuwa fupi na inaeleweka.

Yapo mambo mawili yaliyotokea katika wiki hizo ambayo yalipaswa kunisimamisha. La kwanza, mwalimu wa chekechea alimwambia mama kwamba binti amekuwa akisinzia darasani kabla ya mapumziko, na siku moja alikuwa na jasho shingoni ilhali kulikuwa na baridi. Mama aliniletea habari hiyo. Nilimwambia amlaze mapema. Ukihesabu saa tangu sindano ya asubuhi, mtoto alikuwa anasinzia barabara pale ambapo insulini nyeupe, niliyoiongeza mara mbili, ilikuwa inaanza kufikia kilele chake, na tumbo likiwa tupu tangu uji wa alfajiri.

La pili ni zito zaidi kwangu. Bibi alikuwa amekwisha kuamua kwamba mtoto anaiba nanasi. Namba za jioni zilikuwa ndio ushahidi wake, na hakuna aliyeweza kumpinga, kwa sababu mashine imesema. Mtoto alikana, akaambiwa ni mwongo, akachapwa mara mbili. Mama alipoanza naye kusita, alimkataza kabisa kugusa tunda mdomoni, na kaka zake wakapewa kazi ya kumlinda. Mimi nilipoulizwa, nilisema kwamba watoto wadogo huiba vitu vitamu, ni kawaida, msimpige. Sikumtetea. Sikujua kwamba kulikuwa na kitu cha kumtetea nacho.

Usiku wenyewe

Ilikuwa Alhamisi. Maji ya bomba yalikuwa yamekatika mtaani kwa siku tatu, na ndoo zilizokuwepo nyumbani zilihesabiwa: za kupikia, za kunywa. Mama alirudi kutoka barabarani, akapangusa kidole cha mtoto kwa pamba yenye spiriti kama tulivyomfundisha, akaacha kikauke, akatoboa. Mashine ikaonyesha 391. Akatoa karatasi, akaisoma, akavuta yuniti 3 za maji badala ya 1, akaongeza 2 nyeupe, akachoma kwenye paja. Chakula kilikuwa bugali (ugali), sombe (majani ya muhogo) na sambaza chache, samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Mtoto alikula matonge matatu, akalala.

Alipoanza kukakamaa, mama alifanya mambo yote sahihi. Alimlaza ubavu, hakumwaga kinywaji mdomoni mwa mtoto asiye na fahamu, alipaka asali ndani ya shavu na kwenye fizi, akamtuma mwanawe mkubwa kutafuta pikipiki. Sisi tulimpa glukosi ya asilimia 10 kwenye mshipa, mililita 2 kwa kila kilo, yaani mililita 28, taratibu. Tulikuwa na ile ya asilimia 50 pekee, ambayo ni kali mno kwa mshipa wa mtoto, kwa hiyo tuliichanganya: sehemu moja ya glukosi, sehemu nne za maji ya sindano. Baada ya robo saa sukari ilikuwa 118 na degedege lilikuwa limekoma. Hatukumruhusu kuondoka, kwa sababu insulini iliyokuwa mwilini ilikuwa bado na saa kadhaa za kufanya kazi. Tulimwachia dripu ya glukosi hadi alfajiri, tukimpima kila saa. Alipoamka aliomba uji. Alitembea vizuri, aliongea vizuri, mikono yote miwili ilikuwa na nguvu.

Katika faili ya usiku ule paliandikwa: mzazi alizidisha dawa. Niliisoma asubuhi, kisha nikamuuliza mama nini kilitokea. Hakulia. Alifungua daftari, akaweka karatasi yetu pembeni yake, akasema, "Docta, nilifanya tu vile karatasi inasema. Angalia."

Nikaangalia. Na kweli, hata kama tungeiamini ile 391, hesabu yenyewe ilikuwa haina nafasi ya kupumulia. Mtoto anayetumia yuniti 10 hivi kwa siku hushushwa sukari kwa takribani 150 na yuniti moja ya insulini ya maji. Yuniti mbili za nyongeza zingeondoa 300, zingemwacha kwenye 90 akielekea usiku wenye kilele cha insulini nyeupe na matonge matatu tumboni. Kosa hilo lilikuwa letu, na lilikuwa limechapishwa. Lakini bado halikueleza kwa nini alifika 31. Mtoto aliyeanzia 391 kweli hakupaswa kushuka hadi pale katika saa tatu na nusu.

Kutafuta mahali pasipotafutwa

Tulianza na mambo ambayo kila mtu huanza nayo. Chupa zilikuwa za yuniti 100 na sirinji zilikuwa za yuniti 100. Zingetofautiana, kosa lingekuwa la mara mbili na nusu, na bado zipo sirinji za yuniti 40 zinazozunguka sokoni, kwa hiyo swali hilo halipaswi kurukwa kamwe. Mama alibiringisha chupa nyeupe mbele yangu bila kuambiwa, akavuta ile ya maji kwanza na nyeupe baadaye. Mapaja na tumbo havikuwa na uvimbe wa sindano zilizorudiwa mahali pamoja. Chupa aliziweka ndani ya chungu chenye mchanga mbichi, kwenye kona isiyofikiwa na jua, na katika mji huu ulio mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, kona ya namna hiyo huitunza chupa iliyofunguliwa vizuri kwa wiki nne. Vijiti havikuwa vimepitwa na wakati, na kopo lake lilifungwa barabara.

Kisha matokeo ya maabara yakaja. Hemoglobini yenye sukari, kipimo kinachoonyesha wastani wa miezi miwili hadi mitatu iliyopita, ilikuwa asilimia 6.9. Kwa hesabu ya kawaida hiyo ni wastani wa sukari wa 150 hivi. Ni kipimo kinachoweza kupotosha kwa mtoto mwenye upungufu wa damu, mwenye selimundu au aliyeongezwa damu karibuni, na kwa watoto wetu mambo hayo matatu si nadra. Lakini huyu hakuwa na hata moja. Nikakaa na daftari. Mtoto ambaye kila jioni yuko karibu na 300, na ambaye asubuhi yuko kwenye 120, hawezi kirahisi kuwa na wastani wa 150. Ama maabara ilikosea, ama daftari lilikuwa na namba zisizokuwa zake.

Niliziandika upya namba nyekundu, safari hii kwa siku za juma badala ya tarehe, na ndipo nilipoona kile kilichokuwa wazi kwa miezi miwili. Jumapili nane: 128, 141, 117, 150, 133, 109, 146, 138. Siku zote nyingine zilizobaki, juu ya 250. Jumapili mama hauzi. Asubuhi hujitayarisha kwa kanisa, mchana hubaki nyumbani, na wote huoga.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kumkuta pale anapouzia, nikaketi kwenye kreti kwa saa nzima bila kusema nilichokuja kutazama. Mama anamenya. Kisu kinazunguka, macho ya nanasi yanatoka kwa mkato wa mshazari, vipande vinadondoka kwenye beseni. Na mtoto, kwa vidole vyake vidogo, anachukua kipande kimojakimoja na kukipanga kwenye sahani, sita kila sahani, kwa duara, kwa uangalifu ambao ungemfurahisha mtu yeyote. Hakuweka hata kimoja mdomoni. Kila baada ya muda alipangusa vidole kwenye kitenge cha mama yake, na vidole vikakauka vikiwa na ile ngozi nyembamba inayonata ya maji ya nanasi.

Tulipima hapohapo. Mama alifanya kama afanyavyo kila jioni: pamba, spiriti, subiri, toboa. Mashine ilionyesha 344. Nikamwomba maji, tukatumia kikombe kimoja na kipande cha sabuni, tukakausha kwa kitambaa safi, tukatoboa kidole kilekile pembeni kidogo. 138. Hazikupita dakika nne kati ya kipimo na kipimo. Ili nisiache shaka, nilimenya nanasi mwenyewe, mimi ambaye sina kisukari, nikapangusa kwa spiriti na kupima: 190. Nikanawa: 94.

Kinachotokea ni chepesi kueleza. Kijiti kinahitaji tone dogo mno la damu, na katika tone la namna hiyo chembe ya maji ya tunda iliyokauka juu ya ngozi inatosha kuongeza mamia. Spiriti huua vijidudu, lakini si kimiminiko cha kuyeyushia sukari. Pamba huisambaza sukari juu ya kidole badala ya kuiondoa. Maji huiyeyusha. Kufuta tone la kwanza na kupima la pili husaidia pale ambapo maji hayapo, ila kwa kidole kilichoshika tunda mchana kutwa sitalitegemea tena. Na kidole kisipokaushwa baada ya kunawa, maji hulizimua tone na namba hutoka chini kuliko ukweli, jambo ambalo nalo lina hatari yake.

Kwa hiyo mlolongo wote ulikuwa huu. Vidole vya mtoto vilitoa namba za uongo kila jioni ya kazi. Namba hizo zilinifanya nipandishe insulini ya asubuhi mara mbili, na insulini hiyo ndiyo iliyomsinzisha shuleni. Namba hizohizo zilimtia mtoto hatiani kwa wizi ambao hakuufanya. Na jioni ambayo maji hayakuwepo kabisa, namba ilivuka 300 kwa mara ya kwanza tangu karatasi itolewe, karatasi ikasomwa, na yuniti mbili zikaingia kwa mtoto ambaye pengine alikuwa kwenye 140 au 150.

Sitaki kuliondoa neno "sisi" katika maelezo haya. Tulimfundisha mama kupangusa kwa spiriti kwa sababu hospitalini ndivyo tufanyavyo, mahali ambapo wagonjwa hawamenyi mananasi. Tulijua kazi yake. Tulijua kwamba maji katika mitaa ya juu huja na kuondoka. Lakini mafunzo tuliyompa yalikuwa ya mtu asiye na kazi, anayeishi karibu na sinki. Nilirekebisha ile sentensi ya faili, nikaandika tarehe na sahihi, kwa sababu faili hubaki, na daktari atakayeifungua baada ya miaka mitano angesoma kwamba mama huyu si wa kuaminiwa.

Tulivyobadilisha

Insulini nyeupe ya asubuhi ilirudishwa kwenye yuniti 5 siku hiyohiyo. Kwa mapumziko ya shule tuliongeza nusu ya ndizi mbivu, na mwalimu, ambaye ndiye aliyekuwa ameona ukweli kabla yetu wote, alipewa kopo lenye sukari na kijiko. Maelekezo yake ni mafupi: mtoto akisinzia, akitoka jasho au akinuna ghafla, mpe kijiko kimoja cha chai cha sukari katika maji kidogo, kisha mwite mama. Kijiko hicho kina gramu 4 hivi, na ndicho kiasi kinachomtosha mtoto wa kilo 14, kwa kanuni ya gramu 0.3 kwa kila kilo. Akiwa nyumbani, hupimwa tena baada ya dakika 15. Wazazi wengi, kwa hofu, humpa mtoto chupa nzima ya soda, na saa moja baadaye wanapambana na 350 ya kweli.

Kuhusu kunawa, mama mwenyewe ndiye aliyepata njia. Ana kidumu cha lita tano ambacho watoto wamekatazwa kukigusa na ambacho hakitumiki kwa kazi nyingine yoyote. Kikombe kimoja kwa kila kipimo, kwa hiyo hata maji yakikatika wiki nzima hakiishi. Pia amehamisha saa ya kupima: hapimi tena kando ya barabara wala mara tu anapofika, bali baada ya mtoto kunawa mikono kwa ajili ya kula. Na yeye hunawa pia, kwa sababu vidole vyake ndivyo vinavyokishika kile kidole.

Ile karatasi tumeiondoa kwa watoto wote walio chini ya miaka sita. Badala yake, namba ikizidi 250, mzazi ananawisha mkono mwingine na kupima tena kabla ya kufanya lolote. Zikikubaliana na zote mbili zikiwa juu ya 300, anaweza kuongeza nusu yuniti ya maji, kabla ya chakula tu, kwa sirinji zenye alama za nusu, kisha anapima tena baada ya saa tatu hata kama ni kumwamsha mtoto. Ikiwa anatapika, anapumua kwa kina au ketoni zipo katika mkojo, haongezi kitu nyumbani, anakuja. Kipimo cha pili kinakula kijiti, na kijiti ni fedha. Nimeshaambiwa na wenzangu kwamba kwa familia maskini huo ni mzigo. Ni kweli, na ndiyo maana tumewaongezea vijiti kumi kwa mwezi vya kazi hiyo pekee, lakini hata pasipokuwa na nyongeza ningesema vilevile: kwa mtoto wa umri huu, afadhali kukosa kipimo cha kesho asubuhi kuliko kuchoma insulini kwa namba moja isiyothibitishwa usiku unapoingia.

Miezi mitatu baadaye mtoto ameongezeka kilo moja na nusu na bado anatumia yuniti 10. Namba nyekundu sasa ni kati ya 100 na 190, siku zote za juma. Amepata sukari ya chini mara mbili, 64 na 68, zote zikagunduliwa na kutibiwa kwa kijiko. Hemoglobini yenye sukari imepanda kutoka asilimia 6.9 hadi 7.3, na nilichukua muda kumweleza mama kwamba huku si kurudi nyuma: ile 6.9 ilikuwa imeshushwa na saa za asubuhi ambazo mtoto alikuwa akisinzia, pengine chini ya 60, bila mtu kupima. Jambo ambalo halijatatuliwa ni kipimo cha tatu cha mchana, ambacho anakihitaji na ambacho bado hatujampatia njia ya kudumu.

Yule bibi alikuja kwenye miadi ya mwisho, kwa mara ya kwanza. Alisikiliza hesabu zote, akaniomba nirudie ile ya vidole vyangu mimi, 190 na 94, kisha akauliza kama ni kweli mtoto hawezi kula nanasi kabisa. Nilimwambia anaweza, kipande chembamba cha gramu 50, baada ya chakula, Jumapili na hata siku nyingine, mradi kihesabiwe pamoja na bugali. Mama ananiambia kwamba tangu siku hiyo kipande hicho hakatiwi na mtu mwingine. Bibi ndiye anayekikata, na anampelekea mwenyewe.